Wahakiki wa majarida ya kitaaluma na takwimu wasizoziona

KABLA ya utafiti kuchapishwa katika jarida la kitaaluma, mswada wake hupita kwanza mezani kwa mhariri, ambaye huamua kama unaihusu fani ya jarida na kama una jambo jipya. Katika majarida makubwa, miswada mingi huishia hapo hapo. Inayobaki hupelekwa kwa wahakiki wawili au watatu, wataalamu wa fani ileile, ambao kwa kawaida hawalipwi na majina yao hufichwa kwa mwandishi.

Mhakiki hupima mbinu, hesabu na hitimisho, kisha humshauri mhariri aukubali mswada, aurudishe ukarekebishwe au aukatae. Uamuzi wa mwisho ni wa mhariri, na safari yote huweza kuchukua miezi mingi.

Jambo lisilofahamika kwa wengi ni kwamba mhakiki huhukumu kile kilichoandikwa tu. Haendi maabara, hafungui mafaili ya wagonjwa, na mara nyingi hata takwimu ghafi hazioni. Kazi nzima imejengwa juu ya imani kwamba mwandishi hakudanganya.

Imani hiyo ilitikiswa mwaka 2020. Mei 22, jarida la The Lancet la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1823, lilichapisha utafiti uliodai kuchambua kumbukumbu za wagonjwa 96,032 wa UVIKO-19 kutoka hospitali 671 za mabara sita. Ulieleza kwamba waliopewa klorokwini, dawa ambayo Watanzania waliijua kwa malaria hadi ilipoachwa kuwa tiba ya kwanza mwaka 2001, au ndugu yake haidroksiklorokwini, walikufa kwa wingi zaidi. Takwimu zilitoka kwa kampuni moja ya Marekani, Surgisphere.

Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kusimamisha kwa muda majaribio ya haidroksiklorokwini yaliyokuwa yakiendelea katika nchi kadhaa.

Walioshtuka hawakuwa wahakiki, bali wasomaji. Vifo vilivyohesabiwa Australia vilizidi vile vilivyokuwa vimerekodiwa nchini humo. Kuhusu Afrika, wanasayansi waliohoji utafiti huo waliona vigumu kuamini kwamba sehemu kubwa hivyo ya wagonjwa wa bara hili ilitibiwa katika hospitali zenye kumbukumbu za kompyuta za kina kiasi hicho. Shaka ambayo mtu yeyote aliyewahi kusubiri faili lake la karatasi katika hospitali ya wilaya angeielewa.

Wakaguzi huru walipoomba takwimu zenyewe, kampuni ilikataa kwa kudai usiri. Juni 4, waandishi watatu kati ya wanne waliufuta utafiti huo. Siku hiyo hiyo, The New England Journal of Medicine la Marekani nalo lilifuta makala nyingine iliyotegemea takwimu za kampuni hiyo.

WHO ilikuwa imekwisha kuruhusu majaribio yaendelee, ingawa baadaye mwezi huo iliyafunga kabisa, safari hii kwa ushahidi halali kwamba dawa hiyo haikupunguza vifo vya wagonjwa waliolazwa.

Septemba 2020, The Lancet lilibadili kanuni zake. Sasa zaidi ya mwandishi mmoja hutakiwa kuthibitisha kwa maandishi kwamba alizifikia takwimu ghafi na kuzihakiki mwenyewe.