Neti Tulizonunua

Ng'ambo, Bonde la Kilombero limejulikana zaidi kwa mbu kuliko kwa mpunga. Mwaka 2006 ilianza Marekani kampeni ya Nothing But Nets: toa dola 10, mtoto wa Afrika apate neti. Watu walitoa kwa moyo mweupe, na neti ziliokoa watoto. Hilo hatulibezi. Ila katika picha za kampeni za namna hii, mama wa Afrika hunyoosha mikono tu, anapokea.

Sisi wa bonde hili tunayo habari nyingine. Miaka tisa kabla, mwaka 1997, mradi wa KINET ulianza kuuza neti katika wilaya za Kilombero na Ulanga, zilizokuwa na watu wapatao 480,000. Kuuza, si kugawa. Dawa ya kuchovyea iliitwa Zuia Mbu. Mawakala walikuwa wenye maduka, viongozi wa vijiji, wahudumu wa afya, hata viongozi wa dini. Fedha za Uswisi zilisaidia, na wajawazito na mama wenye watoto wadogo walipewa hati ya punguzo. Lakini kilichobaki kililipwa na mkulima kutoka mfukoni mwake. Tena nyumba nyingi zilikuwa na neti hata kabla ya mradi, ila hazikuwa na dawa.

Mwaka 2001 watafiti wa Ifakara walitangaza matokeo: neti zenye dawa ziliongeza uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27. Walionunua ni hawa hawa wa kwenye picha.

Wapo walioshindwa bei hata ikipunguzwa, na Serikali ilifanya vema baadaye kugawa neti bure. Umaskini wetu si wa kubuniwa. Lakini Bwana Yesu alipoketi kuielekea sanduku ya hazina, alimwona mjane kuwa mtoaji, na umaskini wake hakuuficha (Marko 12:41-44). Yote mawili aliyasema kwa pamoja.

Sharika zetu nazo huandika barua kwa marafiki wa ng'ambo, kuomba bati au kisima. Tunachagua picha gani ya kuambatanisha? Mtoto aliyevuliwa shati kusudi mbavu zionekane, au magunia ya mpunga ambayo washarika wameshayaleta madhabahuni siku ya mavuno, pamoja na hesabu ya kinachopungua?