Kozi za Mseto Kabla ya Intaneti

Vyuo vinapotangaza kozi za mseto, ambazo mwanachuo husoma kiasi mtandaoni na kiasi darasani, huzinadi kama kitu kilichozaliwa na intaneti. Historia ya Tanzania inasema vingine. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka watoto wote wenye umri wa shule wawe darasani ifikapo 1977, na vyuo vya ualimu vilivyokuwapo havikuweza kutoa walimu wa kutosha. Kuanzia 1976 serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, zaidi ya 40,000 kwa jumla, ikawafunza ualimu hukohuko vijijini. Walisoma vijitabu vya elimu kwa njia ya posta, wakasikiliza vipindi vya redio, wakafundisha shuleni huku wakisimamiwa na wakufunzi, kisha wakaingia chuoni kwa muda mfupi kumalizia. Kila njia ilikuwa na kazi yake. Kijitabu kilibeba maarifa. Redio ilifika kusikofikika. Mkufunzi alishughulikia kile ambacho karatasi haikioni, yaani jinsi kijana anavyosimama mbele ya watoto. Kuunda kozi ya mseto ni kugawa kazi namna hiyo, na kifaa huchaguliwa baadaye.

Atakayepinga atakumbusha kwamba jina "mwalimu wa UPE", yaani wa mpango huo wa Elimu ya Msingi kwa Wote, liligeuka kejeli. Ni kweli, lakini kejeli hiyo ilichanganya mambo mawili: njia ya kuwafunza na hali waliyokuwamo. Vijana wale waliingia na elimu ya msingi tu, wakakabidhiwa madarasa yaliyofurika na vitabu vya kugombania. Hata chuo cha bweni kisingeyafuta mapungufu hayo. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la majibu: zoezi lililotumwa kwa posta lilichelewa kurudi, na redio haiulizwi swali. Hapo intaneti imeleta nafuu ya kweli. Hata hivyo, nafuu hiyo hupatikana pale tu mhadhiri anapojibu. Mhadhiri anayepakia mihadhara yake mtandaoni, kisha akaja darasani kuisoma upya neno kwa neno, hajachanganya chochote, na mpango wa 1976, pamoja na umaskini wake wote, ulimzidi kwa usanifu.