Kufuma si kushona

Anayetaka kujifunza kutengeneza sweta kwa mkono akimwambia fundi cherehani "nifundishe kushona", atakabidhiwa mkasi na futikamba. Neno analolitafuta ni kufuma. Mshonaji huunganisha vitambaa vilivyokwisha kuwapo. Mfumaji hukitengeneza kitambaa chenyewe kutokana na uzi. Mikeka na nywele ni habari nyingine, hizo husukwa.

Lakini kufuma nako kumebebeshwa mengi. Nguo ya mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, hufumwa. Vitambaa vya makochi, vile vya sindano moja yenye ndoano nchani, hufumwa. Sweta la sindano mbili nalo hufumwa. Kwa hiyo dukani usiseme tu unataka kufuma. Taja sindano mbili, tena nene, na uzi wa rangi nyepesi ili vitanzi vionekane.

Kitenzi hichohicho ndicho kilichozaa mfumo, ule tunaousikia kila siku kwenye taarifa ya habari. Mwanagenzi, hata hivyo, atahitaji zaidi ndugu mwingine wa kitenzi hicho, fumua. Kitanzi kimoja kikiponyoka sindanoni, kinashuka safu baada ya safu na kuacha ufa kama ngazi. Asiyejua kukipandisha hufumua hadi chini, kama wasusi wafumuavyo nywele. Uzi hauharibiki.

Na ukitaka uzi wa manyoya ya kondoo, ulizia sufu. Ukisema sufi, utapewa ya kujazia mito.