Ken Walibora na Vijana wa Mutakura

Katika toleo hili tumeona vyema kumkumbuka marehemu Ken Walibora, mwandishi ambaye riwaya zake zimesomwa na vijana wa Afrika Mashariki kwa zaidi ya robo karne. Huenda msomaji akauliza: sisi wa Mutakura, kaskazini mwa Bujumbura, maisha ya mwandishi wa Kenya yatuhusu nini? Tunaamini yanatuhusu sana.

Walibora alizaliwa mwaka 1964 magharibi mwa Kenya, akakulia Trans Nzoia, mbali na pwani. Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kwanza. Alijifunza, kama wanafunzi wetu wengi ambao nyumbani husema Kirundi. Baadaye alikuwa mtangazaji wa KBC na NTV, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, mwaka 2009, na akafundisha Chuo Kikuu cha Wisconsin. Aliporejea nyumbani aliendelea kufundisha na kuandika hadi alipogongwa na gari jijini Nairobi tarehe 10 Aprili 2020, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 56.

Riwaya yake ya kwanza, Siku Njema, ilitoka mwaka 1996 na baadaye ikateuliwa kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya. Msimulizi ni kijana kutoka Tanga ambaye, baada ya kufiwa na mama, anavuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Jina lake ni Kongowea Mswahili. Tuliangalie jina hilo. Hapa mjini kwetu, wakati tunakua, kumwita mtu Mswahili hakukuwa kumsifu. Ilikuwa sawa na kumwita mjanja au mwongo. Walibora, mtu wa bara, alichukua neno hilohilo akampa kijana mwenye bidii na heshima. Mwanafunzi wa Kirundi anayeisoma riwaya hiyo anajifunza msamiati, lakini pia anajifunza kwamba hana haja ya kuiomba radhi lugha anayoisoma.

Mwaka 2003 alichapisha Kufa Kuzikana. Kichwa chatokana na usemi wa marafiki wa kufa na kuzikana, yaani wasioachana hata kaburini. Ni hadithi ya urafiki wa vijana wawili katika nchi ya kubuni iitwayo Kiwachema, ambako Wakorosho na Wakanju wanageukiana. Mwalimu asiharakishe hapo. Awaambie wanafunzi wafungue kamusi: watakuta kwamba mkanju ni jina jingine la mkorosho. Ni mti mmoja! Mwandishi ametumia majina mawili tu kuonyesha jinsi watu wa shina moja wanavyoweza kuhesabiana kuwa maadui.

Mutakura tunaijua habari hiyo bila kamusi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, mitaa ya kaskazini mwa jiji iligawanyika kikabila, na kufikia mwaka 1995 majirani wengi walikuwa wamefukuzwa katika nyumba zao. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Riwaya ilipotoka miaka mitatu baadaye, vita vyetu vilikuwa bado havijaisha.

Tulipoisoma na kikundi cha wanafunzi, tuliona jambo ambalo hatukulitarajia. Vijana waliozoea kunyamaza tukitaja mwaka 1993 walizungumza kwa saa nzima kuhusu Wakorosho na Wakanju. Hakuna aliyeuliza mwenzake ni wa upande gani. Mmoja alisema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hata kwetu ilikuwa hivyo," kisha akarudi kwenye kitabu. Hatukumlazimisha aendelee. Kwa Kirundi au Kifaransa maneno yale yana majeraha. Kwa Kiswahili, na katika nchi isiyokuwepo kwenye ramani, yalipata njia.

Hatudai kwamba riwaya huponya. Tunachosema ni kwamba Walibora alielewa kuwa kijana haelezwi ukweli kwa kuhubiriwa. Hupewa rafiki wa kitabuni, akafuatana naye. Ndivyo alivyofanya tena katika Kidagaa Kimemwozea (2012), ambamo vijana wawili, Amani na Imani, wanadhulumiwa na wakubwa lakini hawageuki kuwa kama wao.

Hivyo basi, tunawaomba walimu wenzetu wasiishie kwenye ngeli na minyambuliko. Nakala moja ya Kufa Kuzikana, ikipokezanwa mkono kwa mkono, yatosha darasa zima. Wanafunzi nao wasisubiri mtihani. Waliposema wahenga kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone, labda waliwaza pia wageni wanaotufikia kwa njia ya vitabu.