Rasilimali za Watu Binafsi katika Kenya na Tanzania: Habari ya Matairi

Fedha iliyo katika benki huweza kuvuka mpaka kwa barua moja. Iliyokwisha kuwa ukuta na mtambo haiondoki. Kwa hiyo mwenye mali hutazama sana kabla ya kujenga, na tangu zamani za Waingereza alitazama Nairobi, penye walowezi, reli, na njia ya kuuza katika nchi tatu. Mapatano ya Kampala ya mwaka 1964 yalikusudia kulirekebisha jambo hilo: kiwanda cha matairi kiliwekewa Tanganyika peke yake. Kenya haikuyathibitisha.

Februari 1967 Azimio la Arusha likatangazwa, na mabenki yakataifishwa. Mwaka 1969 kampuni ya Firestone iliundwa Nairobi. General Tyre ya Arusha ikaanza kazi mwaka 1971, ila huku serikali ndiyo iliyokuwa na hisa nyingi. Wengi husema kwamba Azimio ndilo lililowafukuza wenye mali. Husahau kuwa Nairobi ilikwisha kuwavuta miaka mingi kabla yake. Mpaka ulipofungwa mwaka 1977, viwanda viwili vya kazi moja vilikuwa vimesimama katika barabara moja, na lango la Namanga katikati.