Mzigo, Neva na Kombe la Bega Mkoani Singida

Kombe la bega halikupigiliwa mgongoni. Limeshikwa na misuli. Neva ndefu ya kifua hutoka shingoni, ikashuka ubavuni hadi kwenye msuli unaolibana kombe na mbavu. Neva hiyo ikiumia, kombe huchomoza kama ubawa mgonjwa anaposukuma ukuta kwa viganja, na mkono hukataa kupanda juu ya kichwa. Mzigo mzito begani ni mojawapo ya sababu zinazojulikana.

Kwa mizigo, Singida ina historia ndefu. Misafara ya kwenda Unyanyembe, eneo la Tabora, ilipita Mgunda Mkali, nyika iliyo kando ya Manyoni na Itigi ya leo. Wapelelezi Burton na Speke waliivuka mwaka 1857. Wapagazi wa Kinyamwezi walizoea kubeba begani, kilo 30 hivi kwa siku nyingi mfululizo, pembe za ndovu zikiwemo. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi hiyo ilikwisha nguvu.

Upasuaji wa kombe lililochomoza ulikuwa umeanza kwingine. Mwaka 1904, daktari mpasuaji Tubby wa London alieleza namna ya kuazima sehemu ya msuli wa kifua na kuishonea kwa ule unaobana kombe, uliopooza. Ukipooza msuli mwingine unaoshika kombe, ule wa mgongo wa juu, njia ni ya mpasuaji Eden, ya mwaka 1924, iliyoboreshwa baadaye na Lange: misuli jirani huhamishwa ili ishike kombe.

Singida ililijua jeraha la neva zaidi kwa njia ya ukoma, uliotibiwa Iambi kwa Walutheri na Sukamahela huko Manyoni. Ukoma hupenda neva zilizo karibu na ngozi, mahali penye ubaridi, kama ile ya kiwiko. Ya kombe huiacha. Hata hivyo mantiki ya tiba ni ileile: tangu 1948 huko Vellore, India, daktari Paul Brand alihamisha kano zenye afya ili vidole vilivyojikunja vinyooke.

Neva iliyovutwa au kubanwa tu hupona yenyewe mara nyingi, kwa mazoezi na subira ya mwaka mmoja hadi miwili; kuhamisha msuli huja baada ya hapo. Kombe lililolegea baada ya tezi ya limfu ya shingoni kukatwa ni jambo jingine. Hapo huenda neva ya ule msuli wa mgongo imekatwa, na mgonjwa apelekwe mapema kwa daktari bingwa, kwani kuiunganisha hufaa zaidi ndani ya miezi michache ya mwanzo.