Presha ya Mafuta Gani?

Chombo kinachofungwa kwenye injini kuonyesha petroli inasukumwa kwa nguvu gani kuelekea kwenye nozeli kina majina yanayoshindana. Wapenzi wa Kiswahili cha darasani wangependa kipimo cha shinikizo la mafuta, au hata cha kanieneo. Gereji hutosheka na geji ya presha ya mafuta. Ubishi huishia kwenye geji na presha, ilhali kasoro iko kwenye neno ambalo pande zote mbili zimelikubali bila kuliuliza swali: mafuta.

Watamu, kama kwingine pwani ya Kenya, mafuta yakipanda bei huenda ni petroli, dizeli na mafuta ya taa, ambazo bei zake EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, huzitangaza tarehe 14 ya kila mwezi. Huenda pia ni ya kupikia. Hapo muktadha hutuokoa. Chini ya boneti hautuokoi, kwa sababu mafuta mawili yanapita humo kwa presha, petroli na oili, na kila moja lina geji yake. Geji ya mafuta, bila presha, tayari ni ile ya dashibodi inayoonyesha tangi limebakisha kiasi gani. Laiti namba zingetofautiana sana, fundi angegutuka. Lakini injini nyingi za petroli zenye nozeli hutaka paundi 40 hadi 60 hivi kwa inchi mraba, na oili ya injini iliyopata moto, gari likiwa mwendoni, mara nyingi husoma humo humo au karibu. Sindano ikisimama kwenye 45 haisemi inapima nini. Ikianguka, dereva wa geji ya oili anapaswa kuzima injini papo hapo kabla vyuma havijasagana. Wa geji ya petroli atashuku kwanza pampu au filta, gari likikosa nguvu au likisumbua kuwaka.

Ndiyo maana napendekeza geji ya presha ya petroli. Kuna watakaosema jina hilo linaitupa dizeli nje. Linaitupa, na ni vyema: katika injini za kisasa za dizeli presha kwenye reli hupita bar 1,000, na geji ya kawaida ikifungwa hapo inaweza kupasuka na kumjeruhi mtu. Mwenye dizeli na aambiwe waziwazi geji yake ni ya dizeli, na ni ya upande wa presha ndogo, kabla ya pampu kubwa. Pingamizi la wavuvi lina uzito zaidi. Mashine nyingi za boti za mipigo miwili hunywa petroli iliyochanganywa na oili, mara nyingi 50 kwa 1, kwa hiyo mafuta pale ni yote mawili kweli. Hata hivyo huwezi kueleza kipimo hicho bila kutaja petroli na oili kila moja kivyake. (Waitaliano, ambao Watamu na Malindi wamejaa, hawana taabu hii: olio ni olio, benzina ni benzina.) Kuhusu shinikizo, sina ugomvi nalo, ila magazetini limeshazama katika siasa, presha nayo ni ugonjwa, lakini hakuna anayedhani injini imeandikiwa vidonge.

Tofauti huonekana zaidi wakati wa kufunga. Geji ya oili isiyo ya umeme huvuta oili kwa kibomba chembamba hadi nyuma ya dashibodi. Kikivuja, kitachafua zulia. Kufanya vivyo hivyo kwa petroli ni kuuingiza moto ndani ya gari. Geji ya petroli ama hubaki nje, kwenye reli, ama hutumia kihisi cha umeme kinachopeleka ndani waya tu. Kabla ya kufungua chochote, fyuzi ya pampu hutolewa, injini ikaachwa izime yenyewe ili presha ishuke, kisha waya wa hasi wa betri ukatenguliwa. Fundi aliyeandikiwa mafuta tu kwenye karatasi ya maelekezo hana namna ya kujua ni kibomba kipi asikipitishe ndani.